Naomba ushauri: sukari ya mama inapanda asubuhi kabla hajala

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, anatumia metformini asubuhi na jioni pamoja na chakula. Kinachonichanganya ni hiki: akienda kulala kipimo kinasoma 7 na kitu, akiamka, hata maji hajanywa, inasoma 10 au 11. Usiku hali chochote, nina uhakika, tunalala chumba kimoja. Daktari alitaka akiwa hajala iwe kati ya 4.4 na 7.2.

Nimesoma kwamba alfajiri homoni hulifanya ini limwage sukari kwenye damu. Wengine wanasema huenda inashuka mno usiku halafu mwili unafidia, ila kwa metformini peke yake sidhani.

Kuna aliyewahi kumpima mgonjwa wake saa 9 usiku ili ajue ni lipi? Chakula cha jioni mlipunguza wanga, au mlikiwahisha tu? Na vidole jamani, vimeota sugu. Anajichoma katikati ya ncha, nasikia pembeni hakuumi sana. Kliniki ni wiki ijayo, dozi hatuigusi mpaka hapo.