Naomba ushauri: mwenzangu anatuma mafaili ya wagonjwa kwenye akili mnemba

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nasoma udaktari hapa Moshi, mwaka wa nne. Wiki iliyopita mwanakikundi mwenzangu alipiga picha faili la mzee mmoja kutoka Rombo, jina likionekana wazi, akaituma kwenye programu ya akili mnemba imwandalie maelezo ya kuwasilisha asubuhi. Yalitoka mazuri, akasifiwa. Mzee hakuulizwa. Alikuwa amelala pale pale, na sisi sote anatuita wanangu.

Teknolojia siipingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kusoma eksirei za kifua kutafuta kifua kikuu kwa wenye miaka 15 na zaidi, na kwa uhaba wetu wa mabingwa wa mionzi naona ni neema kabisa. Ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya kwenye taarifa nyeti, na kwa kawaida inataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe.

Darasani tumegawanyika. Wengi wanasema ukifuta jina inatosha. Mimi sijaridhika, maana kijiji, umri na ugonjwa adimu vinatosha kumtambulisha mtu.

Nizungumze na mwenzangu huyo kwanza, au nimwone mwalimu wetu wa wodi? Na mlioko kazini, mzee asiyewahi kushika simu janja mnamwelezaje jambo hili hadi akubali au akatae kwa hiari yake?