Ghorofa ya tatu mtandao unatambaa tangu niongeze swichi ya zamani

Fundi_Igoma
Wakuu, salaam. Siku ya tatu leo silali vizuri. Nahudumia mtandao wa ofisi moja hapa Mwanza. Swichi kuu iko chumba cha seva, na inakwenda moja kwa moja kwenye swichi ya ghorofa ya pili na ya ghorofa ya tatu, kila kebo Gbps 1. Jumatatu porti ziliisha, nikatoa stoo swichi ya Cisco ya zamani, ya Mbps 100, nikaifunga ukumbi wa mikutano. Nikaipa kebo mbili, moja ya ghorofa ya pili na moja ya ya tatu, ili ikikatika moja nyingine ishike.

Tangu hapo watu wa ghorofa ya tatu wanalia. Faili kutoka seva halivuki MB 11 kwa sekunde. Ghorofa ya pili hawana shida. Kebo nimebadilisha, ping inajibu bila kupoteza pakiti. Ila kwenye swichi kuu, taa ya porti ya kwenda ghorofa ya tatu ni ya chungwa, haitaki kuwa ya kijani.

Kebo_Bluu
Chomoa kebo moja ya hiyo swichi ya zamani, maisha yaendelee.

Mzee_wa_Trunk
Usichomoe mkuu, utaupoteza ule usalama ulioutaka. Hiyo taa ya chungwa ndiyo jibu lako: STP, yaani utaratibu wa swichi wa kuzuia data isizunguke duara bila mwisho, imeifunga porti. Kebo zako mbili zimetengeneza duara.

Swichi zako zote zina kipaumbele kile kile cha kiwandani, 32768, na yenye namba ndogo ndiyo inashinda. Zikilingana, mwenye MAC (anwani ya kifaa ya kiwandani) ndogo ndiye anakuwa mzizi wa mti, yaani swichi ambayo nyingine zote zinapima njia kuielekea, na swichi ya zamani mara nyingi ndiyo yenye MAC ndogo. Kwa hiyo mzizi umehamia ukumbi wa mikutano. STP inachagua njia yenye gharama ndogo: porti ya Mbps 100 gharama yake 19, ya Gbps 1 ni 4. Ghorofa ya tatu inafika kwa mzizi kwa 19, swichi kuu kwa 23 (19 na 4), basi kwenye kebo ya kati yao swichi kuu imefunga upande wake. Data ya ghorofa ya tatu inazunguka ukumbini, inapita ghorofa ya pili, ndipo inashuka kwa seva. Hiyo MB 11 ni Mbps 100 yenyewe, maana baiti moja ni biti 8.

Hakiki kwenye swichi kuu, kwa mfano VLAN 10 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile):

`show spanning-tree vlan 10`

Kisha, watu wakishatoka kazini, maana mtandao utasimama kidogo:

`spanning-tree vlan 10,20 priority 4096`

Weka namba za VLAN zako zote. Mzizi hauachiwi bahati, tunauchagua sisi.

Dada_Ruta
Naongezea: swichi ya stoo futa usanidi wake kwanza. Angalia pia `show vtp status`; VTP ni njia ya Cisco ya swichi kupeana orodha ya VLAN. Ikiwa na jina la kikoa kama lenu na namba ya marekebisho kubwa kuliko yenu, inaweza kufuta VLAN za jengo zima.

Fundi_Igoma
Nimerudi wakuu. Mzizi ulikuwa na MAC ya ile ya zamani, herufi kwa herufi. Saa moja usiku nimeweka 4096, taa ikageuka kijani nikiwa nimeisimamia. Faili lile lile sasa linakwenda zaidi ya MB 100 kwa sekunde. VTP kikoa kilikuwa tofauti, nimeiweka transparent, yaani isibadili orodha ya VLAN za wengine. Mzee, Dada, asanteni sana. Kebo zote mbili zimebaki.