Kibengali kwenye kompyuta: kwa nini "i" haikai mahali pake?

mpanga_kurasa
Wakuu, habari za kazi. Napanga kitabu cha Kibengali na nimekwama. Neno তিনি nikilianza na ি (ishara ya irabu "i"), kama macho yanavyoona, napata kiduara cha vitone. জ্ঞ nayo inatoka vipande viwili. Halafu sura moja nimeletewa imejaa vitu kama "Avwg". Faili limeharibika?

hosonto
Fuata matamshi, achana na macho. Piga ত kwanza, kisha ি. Fonti ndiyo itakayoisogeza kushoto. ে na ৈ ni vivyo hivyo. ো hukaa pande zote mbili za konsonanti (কো) lakini unaipiga mara moja tu, baada ya konsonanti. Kiduara maana yake ishara ya irabu imekosa konsonanti ya kushikia.

Herufi za kuungana: জ, kisha hosonto (্, alama inayoondoa irabu ili konsonanti ziungane; namba yake katika Yunikodi, mfumo wa namba za herufi, ni U+09CD), kisha ঞ. Usishangae kwamba বিজ্ঞান husomwa "biggan", hati hii hutunza tahajia ya Kisanskriti huku matamshi yameshahama. Vikibaki vipande, ama fonti haina umbo hilo, ama kuna U+200C imejificha baada ya hosonto. Haionekani, lakini kazi yake ni hiyohiyo ya kuzuia muungano. Ifute.

Angalia sana র ("r"). Ikitangulia hupanda juu ya mwenzake (র্ক), ikifuata hushuka chini (ক্র). Herufi ni zilezile, mpangilio ndio umegeuzwa, na mkaguzi asiyejua hati hii atapitwa.

mpanga_kurasa
Hosonto, asante sana mkuu, ilikuwa U+200C. Bado hiyo "Avwg".

fonti_kongwe
Faili ni zima. Hiyo ni Bijoy, mfumo wa kabla ya Yunikodi kuenea: herufi za Kilatini zilizovishwa sura ya Kibengali. Weka fonti ya SutonnyMJ uone. Av ni আ, w ni ি, g ni ম, jumla আমি, yaani "mimi". Umeona w imetangulia g? Bijoy hupanga kwa macho, kwa hiyo kubadilisha herufi mojamoja hakutoshi. Tumia kigeuzi cha Bijoy kwenda Yunikodi. Kabla ya hapo tenga maneno yote ya Kiingereza, la sivyo nayo yatageuzwa yawe takataka. Ukimaliza, kagua র ya juu na herufi za kuungana, makosa hujificha humo.

hosonto
Nyongeza, maana utafutaji utakusumbua. ড়, ঢ় na য় zina usimbaji wa aina mbili: herufi moja (ড় ni U+09DC), au ড pamoja na nukta U+09BC. Kwa jicho hazitofautiani, kwa kompyuta ni maneno mawili. Pitisha kitabu kizima kwenye NFC (kanuni ya Yunikodi ya kusawazisha usimbaji). Zote zitakuwa za vipande viwili. Ila র si ব yenye nukta, hiyo ina namba yake, U+09B0, na NFC haitakurekebishia. ৎ nayo ilipewa namba yake, U+09CE, mwaka 2005. Faili za zamani huiandika ত, hosonto na U+200D (kiunganishi kisichoonekana). Na nukta ya mwisho wa sentensi ni । (U+0964), si mstari wima wa kibodi.