Naomba ushauri: kubadili tempo (kasi ya wimbo) kwenye REAPER bila kuona skrini

Habari zenu ndugu zangu. Mimi sioni kabisa, natumia REAPER (programu ya kurekodi muziki) pamoja na OSARA (nyongeza inayoifanya REAPER itumike na wasioona) na NVDA (kisomaji skrini) kwenye Windows. Nina wimbo wa kwaya tuliorekodi bila metronomu. Unaanza kama mapigo 92 kwa dakika, ukifika ubeti wa mwisho waimbaji wanatulia hadi karibu 80, na kule kutulia ndiko kunakoupa wimbo uzuri wake. Nataka ngoma na kinanda cha midi (vinavyopigwa na kompyuta) viwafuate wao.

Niliweka alama mbili za tempo kwa Shift na C: ya kwanza 92, nikaitiki ishuke taratibu mpaka inayofuata, ya pili 80. Kumbe na sauti zilizorekodiwa zikavutika! Ile "aaa" ndefu ya soprano ikawa inatetemeka kama kanda iliyolowa. Nikazifunga sauti zifuate muda badala ya mapigo, zikapona, lakini ngoma sasa inawatangulia waimbaji karibu nusu pigo. Anayeona huburuta alama kwa mausi hadi mstari uangukie kwenye sauti. Mimi nakisia namba, nasikiliza, nafuta, naanza upya. Jana ubeti mmoja umenila saa tatu nzima.

Je, kuna njia ya kibodi ya kugonga kila pigo huku wimbo ukicheza, alama za tempo zikajipanga zenyewe hapo? Na zikishakuwa nyingi, mnarekebishaje moja bila kuzisogeza zilizo mbele yake? Nitashukuru sana kwa hatua kamili za kibodi.