Mrejesho: feni ya eisi kwenye Premio imepona, ila si yote

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kuhusu gari yangu, Toyota Premio: feni ya hewa inakata, ukigonga chini ya dashibodi upande wa abiria inaamka, kisha inalala tena. Huku Kabale asubuhi ni ukungu mtupu, na bila feni kioo cha mbele huoni kitu.

Asanteni sana. Aliyesema "kaboni za mota zimeisha" (vile vipande vinavyosuguana ndani na kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) alipiga penyewe. Fyuzi ilikuwa nzima. Nilitoa droo ya dashibodi, nikachomoa plagi, nikafungua skrubu tatu, mota ikashuka yenyewe mkononi. Kaboni moja ilikuwa imebaki kipande kama punje ya mchele, na vumbi jeusi ndani tele.

Mota ya mtumba nilipata Kisekka, soko la vipuri Kampala. Ushauri wa kuijaribu kwa betri kabla ya kulipa umeniokoa, maana ya kwanza niliyopewa ilizunguka huku ikilia. Nikairudisha palepale, muuzaji akanuna kidogo.

Sasa upepo ni wa kutosha, kelele hakuna. Lakini feni inafanya kazi kwenye kasi namba nne tu. Moja hadi tatu kimya. Fundi amepima, rezista (kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole) imeungua na plagi yake imeyeyuka pembeni. Anasema mota iliyochoka huvuta umeme mwingi. Kwa hiyo mkibadilisha mota, chungulieni na rezista hapohapo. Yangu bado naitafuta, pamoja na plagi yake.