Mrejesho: Kuunganisha mifumo ya taasisi kwa njia ya huduma

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuunganisha mifumo ya taasisi yetu hapa Unguja, ambapo malipo, ghala na wateja kila kimoja kilikuwa na hifadhidata yake, hata mtu mmoja akaandikwa Khamis huku na Hamisi kule. Mlinishauri tuanze na huduma moja, yaani programu inayojibu maombi ya mifumo mingine, inayohitajiwa na idara zote, nasi tukachagua taarifa za mteja. Sasa mfumo wa malipo hauingii tena katika hifadhidata ya idara nyingine, bali hutuma ombi lenye namba ya mteja na kupokea jibu la XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama ambazo mifumo tofauti huweza kuyasoma) kwa muundo uliokubaliwa katika waraka wa WSDL, yaani waraka unaoeleza namna ya kuiomba huduma na majibu inayotoa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kukubaliana ni idara ipi inayomiliki taarifa, na naamini kwamba bila ya mkuu wetu kulisimamia jambo hilo mwenyewe tungekwama. Kwa ofisi ya Chake Chake, ambako mtandao hukatika, tumeweka foleni ya ujumbe, ili ombi lisubiri mpaka mawasiliano yarudi badala ya kupotea. Mfumo wa ghala, ambao ni wa zamani, bado tunautengenezea kiunganishi, yaani programu ya kuuwezesha kuwasiliana na mifumo mingine. Nawashukuru kwa dhati.