Mrejesho: HAProxy sasa inaikwepa seva iliyokufa

Wakuu, niliuliza kwa nini nikizima Tomcat moja kati ya mbili (seva za programu za wavuti za Java), HAProxy (programu inayogawa watumiaji kati ya seva) bado inawapeleka watu kulekule, wanakula 503 (kosa la “huduma haipatikani”). Kosa langu: mistari ya seva kwenye mipangilio ya HAProxy haikuwa na neno “check”, na bila hilo HAProxy huhesabu kila seva iko hai, hata ikiwa maiti. Nimeliweka. Kwa kawaida yake hupima kila sekunde 2, vipimo 3 mfululizo vikifeli inaitoa seva kundini. Nikaongeza “option httpchk”, inayotuma ombi la HTTP na kusubiri jibu badala ya kuangalia tu kama poti (mlango wa mtandao wa seva) iko wazi, maana Tomcat yangu ina tabia ya kuganda huku poti iko wazi. Tatizo likabaki watu kutupwa nje ya akaunti wakihamishiwa seva nyingine. Sesheni (kumbukumbu za nani ameingia) nimezipeleka Redis, hifadhi ya data ambayo seva zote mbili zinaisoma, na tatizo limeisha. HAProxy yenyewe bado ni moja tu, ikifa hakuna mbadala; keepalived (programu ya kuhamishia kazi kwa mashine ya akiba) nitaiweka wikiendi. Asanteni sana.